Mwenye Nguo Ndiye Mshukiwa

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Akilimali alifumba yote mawili, na hapo ndipo balaa lilipomwanzia.

Namfahamu kutoka kanisani kwetu Mount Druitt, huku ughaibuni. Ni mtu wa Bukavu, miaka arobaini na sita, mrefu, mpole, anayepiga pasi hata soksi. Alianzia ghalani, akapakia makasha hadi mgongo ukamgomea, kisha akasomea kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Katika kazi hiyo rekodi yako ya polisi hupekuliwa. Ikiingia doa, milango inafungwa. Rekodi safi ndiyo jembe lake, na watoto wanne wanakula kwa jembe hilo.

Septemba iliyopita wakala anayempangia kazi alimkabidhi mzee mmoja wa mtaa wa Mosman, Colin, mgane wa miaka themanini na moja. Colin alikuwa akijiogesha na kujipikia mwenyewe. Alichohitaji ni dereva, na mkono wa kushikilia kwenye ngazi. Kila Alhamisi alitaka kupelekwa ufuoni, na fomu ilisema hivyo tu, ufuoni. Akilimali akabeba taulo, maji na mwavuli, wakashuka ngazi polepole hadi mchangani, na Colin akavua shati. Akilimali akalipokea na kulikunja. Kisha Colin akaendelea kuvua, hadi akabaki na kofia.

Hapa jimboni New South Wales kuna fuo chache ambazo sheria inaruhusu watu kukaa uchi, na huo ni mmojawapo. Ukipanda hadi maegesho ya magari ukiwa hivyo hivyo, unaweza kushtakiwa. Colin alimweleza hayo bila haya wala kelele, kama anayesoma ratiba ya treni. Yeye na marehemu mkewe walikuwa wakija hapo kwa miaka thelathini.

"Uchi, uchi kabisa?" Lydie, mke wa Akilimali, aliuliza jioni ile. "Sans rien?"

"Sans rien, bila kitu. Iko na chapeau tu."

"Na weye, unaangaliaka nini?"

"Mi naangaliaka majiwe."

Utasema mhudumu ameshaogesha wazee wangapi, uchi una ajabu gani? Tofauti ipo. Mgonjwa unamwosha kwa sababu hana budi, na unamfunika huku unamsafisha. Lakini mtu wa rika la baba yako, mwenye akili zake timamu, akijivua mwenyewe mchana kweupe, Akilimali alilelewa kujua kwamba hupaswi kumtazama. Kumtazama ni kumvunjia heshima na kujitafutia laana. Wala hakumhukumu mzee. Alimpenda, na kwa sababu alimpenda alitaka kumstahi. Kwa hiyo alitafuta jabali mbali naye, hatua hamsini hivi, kando ya kichaka, akaketi na kumpa kisogo. Colin akiomba maji, alimpelekea kinyumenyume kama wana wa Nuhu, akipapasa mchanga kwa visigino. Colin akimwita aje akae naye mwavulini, alijibu, "No worries, Papa Colin, I'm right here," na kubaki kwenye jabali lake.

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi mitano. Sasa, mimi si mjuzi wa fuo, lakini hata mtoto angeona kasoro. Ufuo ule ni mdogo na umepinda. Kwa kumpa kisogo mzee mmoja, Akilimali alikuwa amewaelekea watu kumi na wawili. Naye, ili asiwaone hao pia, aliinua simu mbele ya uso na kusoma maneno ya nyimbo za kwaya. Hebu jiweke mahali pao. Uko uchi, unapunga upepo, na kichakani kuna mwanamume mwenye suruali ndefu na shati lililopigwa pasi, simu ameielekeza kwako, kila Alhamisi.

Alhamisi moja ya Februari polisi wawili walishuka ngazi, mwanamke na mwanamume. Wakapita katikati ya watu walio uchi bila kumgusa yeyote, wakaenda moja kwa moja kwa aliyevaa nguo. Kumpiga mtu picha za utupu bila idhini yake ni kosa, polisi mwanamke alimwambia, na watu walikuwa wamelalamika. Akilimali alimpa simu kabla hata hajaombwa. Ndani mlikuwa na nyimbo, watoto wake, na risiti ya matairi.

"Picha zinaweza kufutwa," polisi akasema. "Unafanya nini hapa?"

"Niko kazini. Namhudumia mzee yule."

"Mhudumu gani anakaa mbali hivi?"

Akilimali aliiona rekodi yake ikichafuka, na barua ya wakala ikifika mlangoni. Polisi mwanamume akaenda kumwita Colin, naye akaja na fimbo yake, taulo kiunoni kwa heshima ya serikali. Akilimali akainamisha macho.

"Unamfahamu mtu huyu?" polisi mwanamke alimuuliza.

"Ndiye anayenileta hapa."

"Amewahi kukupiga picha? Au kuwachungulia watu?"

Colin alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Huyu? Miezi mitano sasa hajanitazama hata mara moja. Ananiletea maji kinyumenyume. Mwili wangu unamtia kinyaa, basi awachungulie wengine? Waulize ofisini kwao. Jana nimewapigia simu, nimewaomba mhudumu mwingine."

Polisi walitazamana. Mwanamke akafunga daftari, akarudisha simu, akamshauri Akilimali siku nyingine akae karibu na mteja wake. Kisha wakapanda ngazi. Rekodi ilikuwa imepona.

Akilimali alibaki amesimama na simu mkononi. Aibu ilimshika kuliko hofu ya mwanzo. Akaanza kueleza kwa Kiingereza chake cha kutafutatafuta kwamba si kinyaa, kwamba kwao mtu hatazami utupu wa aliye kama baba yake, kwamba alikaa mbali kwa kumheshimu. Alieleza huku akitazama mchanga.

Colin alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaza fundo la taulo.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," alisema, "ningevaa kaptura."

Alhamisi iliyofuata wakala alimpelekea Colin mtu mwingine.