Asiyetaniwa Hajazikwa

Nauza kanga sokoni Lindi, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini kitu kilichohesabiwa na mtu mwingine. Ukiniambia hizi doti kumi, nitahesabu mbele yako, kisha nitahesabu tena ukigeuka. Kwa hiyo nilipofika Kilangala siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu, sikuanza na viti wala maji ya chupa. Nilihesabu majina. Yalikuwa manne. Nikarudia kutoka chini kwenda juu, yakabaki manne, nikashukuru kwamba hapo angalau hakuna aliyepunjwa.

Vijana wanne wa pande zetu. Wote walikuwa wanafunzi wa chuo cha maofisa wa jeshi vita vya Kagera vilipoanza. Masomo yakakatizwa, wakapelekwa mstari wa mbele, hawakurudi. Hakuna hata mmoja aliyemaliza chuo. Lakini kwenye jiwe, kila jina limetanguliwa na neno "Afisa". Nikamuuliza fundi aliyelichonga, ambaye alikuwa pembeni akifuta vumbi kwa kofia yake, imekuwaje.

"Kamati ndiyo iliyosema, mama. Inapendeza zaidi."

Basi. Walipokuwa hai hawakuonja hata nyota moja ya begani. Miaka arobaini na kitu baadaye, fundi mawe amewapandisha cheo kwa patasi, tena mchana mmoja, bila gwaride wala mtihani.

Mmoja kati ya wanne hao ni mtani wangu. Sisi ni Wangindo, wao ni Wamwera, na kati ya ukoo wetu na wao kuna utani wa tangu mababu. Kwa watu wa mjini utani ni kutupiana maneno kwenye kahawa. Kwetu utani ni kazi, na kazi yenyewe huonekana msibani. Jeneza likitoka, mtani hulala njiani. Halipiti. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akila, atautaja ubahili wake na woga wake mbele ya wajane na mashehe, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao, watoe chochote, hata kuku. Hapo ndipo njia inafunguliwa. Mgeni akiona hudhani tumerukwa na akili. Hajui kwamba marehemu anayesifiwa tu ni marehemu ambaye hakuna aliyemjua.

Huyu wetu nilimjua. Nilikuwa darasa la pili au la tatu alipokuja likizo yake ya kwanza na ya mwisho kutoka chuoni. Sare ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine mwenye afya. Yeye alikuwa mwembamba kama ufito, na akigeuka ghafla, shati lilichelewa kidogo kumfuata. Aliipiga sare hiyo pasi ya mkaa asubuhi na jioni, kisha akapita mbele ya nyumba ya binti mmoja kwenda, akapita tena kurudi, akapita tena kwenda, kana kwamba kisima kimehamishwa. Viatu vyake vya jeshi vilikuwa na kamba ndefu mno. Msikitini alikuwa akianza kuzifungua adhana ikilia, na watu wakishainuka kutoka rakaa ya kwanza yeye bado yuko mlangoni na kiatu cha pili. Halafu alituweka sisi watoto nje tuvilinde. Tulivilinda kwa hofu, maana alituambia vimesajiliwa serikalini.

Na aliogopa chura. Mtu aliyekwenda kupigana na jeshi zima alikuwa hawezi kuoga jioni za masika mpaka dada yake atangulie bafuni na fagio.

Habari ya kifo ilipoletwa, haikuletwa na mwili. Askari wawili walikuja, wakasema walichotumwa, wakanywa maji, wakaondoka. Wazee wakakaa wakabishana: hakuna jeneza, sasa watani watazuia nini? Wakaamua isomwe hitima, basi. Ikasomwa, pilau ikaliwa. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mtani wa nyumba ile, alirudi nyumbani hajatamka neno. Sikuwa nimewahi kumwona bibi akirudi msibani na maneno yake yote kinywani. Alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hakuonyeshwa pa kuitua.

Dada wa marehemu, yule wa fagio, tangu siku hiyo ana kauli moja: "Wamemsomea, hawajamtania. Asiyetaniwa hajazikwa." Bibi yangu alifariki, mama yangu akafariki, na kazi ikanishukia mimi kama cherehani ya urithi, hakuna aliyeuliza kama najua kuikanyaga.

Wiki moja kabla ya uzinduzi dada huyo alikuja kwenye meza yangu sokoni. Ni bibi wa umri wa kuchaguliwa vitu laini, lakini alisimama na kuanza kupekua kanga zangu moja moja kwa dharau.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwizi wewe. Hizi ndizo kanga? Nilidhani matambara ya kudekia."

"Za kudekia ni zile pale. Nimekuwekea wewe."

Alicheka, kisha akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akavuta pumzi kwa shida. Akanieleza kwamba hospitali wamemwambia moyo wake umechoka, asipande hata kilima cha nyumbani kwake. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya barabara mbovu.

"Wananiwekea jiwe la mdogo wangu. Wamesema nitakaa mbele. Mimi sitaki kukaa mbele. Nataka umtanie. Nikitangulia mimi kabla hajataniwa, nitamwambia nini huko? Kwamba watu walisubiri nife?"

"Mtani, pale patakuwa na mgeni rasmi. Patakuwa na askari."

"Kwani jeneza la kwenu halina watu wanaolilinda? Utalala njiani."

"Nitalala kwenye jua la saa sita, na gauni langu zuri?"

"Vaa baya. Unayo mengi."

Siwezi kusema nilikubali. Kwenye utani hakuna kukubali. Umeambiwa.

Siku yenyewe nilipanda bodaboda mapema, na njia nzima mikorosho ilinuka salfa iliyopulizwa. Kijijini nilimtafuta mshereheshaji, kijana aliyevaa suti ya kung'aa na viatu vyenye ncha, amekuja kutoka Dar na maneno yake. Nilimwambia naomba nafasi, mimi ni mtani wa mmoja wa marehemu.

"Mamdogo, ratiba imebana kinoma. Kuna neno la familia, dakika tatu, limeshaandikwa."

"Limeandikwa na nani?"

"Na kamati."

"Familia imelisoma?"

"Italisoma ikisimama."

Nikajaribu kufanya biashara. Nikaomba dakika kumi, akasema hapana. Nikashuka kwa tano, akasema hapana. Mbili, akaangalia simu. Nimefanya biashara na Wahindi, na Wapemba, na wanawake wa Mingoyo ambao hununua sindano kwa mkopo, lakini sijawahi kukutana na mtu asiyeshuka hata kidogo. Nikajua basi kwamba huyu hauzi. Bidhaa isiyouzwa huwa haiombwi tena.

Mgeni rasmi alifika jua limekaa utosini. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wamesimama tangu asubuhi kwa mistari, na kila baada ya muda mmoja wao alishuka taratibu kama kanga inayoteleza kwenye kamba, akapelekwa kivulini. Hotuba zikasomwa. Tukaambiwa kwamba wale vijana walikuwa watulivu, wanyenyekevu, wasiopenda makuu, na walizungumza mara chache. Nikatazama ufito wangu kichwani mwangu, na kamba zake za viatu, na mapito yake mbele ya nyumba ya yule binti. Ilikuwa kama wamemchukua wakamuua mara ya pili, safari hii kwa adabu.

Tukaambiwa pia kwamba taifa halitawasahau. Nilijizuia kuangalia upande wa kusini wa uwanja, ambako mama wa mtani wangu aliishi mpaka kufa kwake kwenye nyumba ya udongo iliyopigwa mvua hadi ukuta mmoja ukalala. Mfuko wa saruji haukupatikana. Wa jiwe ulipatikana, na saruji nyingine imebaki. Niliiona nyuma ya hema imefunikwa turubai.

Kisha ikatangazwa tusimame kimya kuwakumbuka. Tukasimama. Katikati ya kimya hicho, kutoka miguuni kwa dada wa marehemu, kuku akalia ndani ya kikapu. Akalia tena, kwa kujieleza. Dada mtu hakutikisika. Mimi nikaelewa: bibi huyu alikuja na malipo yangu kabla sijafanya kazi.

Mgeni rasmi akachukua shada la maua, akaanza kutembea kuelekea kwenye jiwe na askari wawili nyuma yake. Nikavua kanga ya juu, nikaitandika njiani, nikalala juu yake chali.

Muziki wa spika ulikatika. Mgeni rasmi alisimama na shada lake. Askari mmoja, kijana, aliinama akaniuliza kwa upole kama nimezidiwa.

"Sijazidiwa," nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Nalinda viatu. Niliambiwa vimesajiliwa serikalini, na mwenyewe hajarudi kuvichukua."

Mshereheshaji akaja mbio na kipaza sauti amekishika kifuani. "Mamdogo, inuka, unatuaibisha. Unamtukana shujaa."

Nikainuka, lakini sikuondoka. Nikajikunja mabega yakawa membamba, nikatembea mwendo wa mtu ambaye shati linamfuata nyuma. Nikapita mbele ya mgeni rasmi kwenda. Nikapita kurudi. Wazee wa nyuma wakaanza kuguna. Nikakaa chini, nikaanza kufungua kamba za kiatu kisichokuwepo, nikafungua, nikafungua, nikainua kichwa kama mtu anayesikia imamu akisema amin, nikaendelea kufungua. Hapo mzee mmoja aliyeswali naye zamani akapasuka kwa kicheko, na kikapita viti vyote vya nyuma, vile visivyo na vitambaa.

"Huyu mnasema hakupenda makuu?" nikawauliza. "Huyu angewaomba hilo jiwe liwe kubwa zaidi, na akalipiga pasi."

Askari yule kijana alikuwa ameuma midomo. Mgeni rasmi akamuuliza mshereheshaji kitu. Mshereheshaji akasema hajui, labda ni mgonjwa. Mgeni rasmi akatikisa kichwa. "Huyu ni mtani," akasema. "Hata kwetu wapo. Kwani hakuja kukuomba nafasi?" Alisema vizuri, lakini hakujua la kufanya baada ya hapo, akabaki amelikumbatia shada kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Njia haifunguliwi na mgeni. Inafunguliwa na mfiwa. Kwa hiyo nikamgeukia dada mtu, nikaruka kichurachura mpaka mbele ya kiti chake, nikakoroma.

Alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga. Mabega yalikuwa yakitikisika na sikujua ni kwa lipi. Pembeni yangu mtu akasema moyo, angalieni moyo wake. Kisha akainua uso na ulikuwa umelowa wote na anacheka.

"Fagio," akasema. "Nilikuwa natangulia na fagio. Narudi namwambia wametoka, na bado yuko ndani mmoja. Nilimwachia mmoja makusudi."

Halafu kicheko kikageuka katikati yake, akalia kile kilio chenye mlio mrefu ambacho wanawake wetu hulia jeneza linapotoka mlangoni, na wanawake wa kijiji wakakipokea, kilio kilichochelewa miaka yote hiyo. Hakuna aliyekuwa na ratiba tena. Mshereheshaji alikaa chini.

Dada mtu alipotulia, akaingiza mkono kwenye kikapu, akanitolea kuku amefungwa miguu kwa ukamba wa mnazi.

Nikampima mkononi. Kazi ni kazi. "Mtani, huyu kuku ni mwembamba."

"Chukua," akasema, akijifuta pua. "Na yeye alikuwa mwembamba."

Nikakunja kanga yangu, nikamwachia mgeni rasmi njia. Akaweka shada lake juu ya vyeo vya fundi mawe. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza, nilipokea nilichopewa bila kuomba nyongeza.