Barafu Wakati Mabomba Yamekauka

Siku zile nazikumbuka kwa harufu ya mto kwanza, mwanangu, ndipo sura za watu zinaponijia polepole, kama ninaamka usingizi wa mchana. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeruhusu biashara huria, maduka ya Kilosa yameanza kujaa vitu, nami msichana wa miaka ishirini na kitu nikanunua friji ya mtumba iliyonguruma kuliko treni. Nikawa nauza barafu za ubuyu kwenye vifuko vya plastiki. Niliipenda ile friji, Mungu anisamehe, kuliko nilivyowapenda majirani.

Shida yetu ilikuwa mto. Gari la majitaka la ofisi ya maji lilikuwa likinyonya vyoo vya nyumba za wageni, kisha linamwaga mtoni, juu kidogo ya bustani za mtaa wetu. Bibi Nyamizi, mjane wa mfanyakazi wa reli, alilima mchicha pale tangu sijazaliwa. Sasa hata akiugawa bure, watu waliukataa. Tukakutana, tukakubaliana kwamba hakuna atakayelipa bili ya maji mpaka gari lile liache. Kwa kiherehere changu, nilipaza sauti na kupiga makofi kuliko wote.

Wiki ile ile nikaenda ofisini kimyakimya, nikalipa. Niliogopa, mwanangu. Bila maji hakuna barafu, na bila barafu sikujua ningekula nini.

Mafundi wakapita wakikata maji nyumba kwa nyumba. Yangu wakayaacha. Nikawaambia watu kwamba nachota kisimani kama wao. Siku zile zilipita kama ndoto: jua kali, mtaa kimya, ndoo tupu zimepangwa vibarazani, nami ndani nimefungua koki kidogo tu, maji yanateremka kama uzi, nayasikiliza kwa raha na kwa hofu.

Adhuhuri moja Bibi Nyamizi akasimama mlangoni kwangu. Alikuwa ametoka ofisi ya maji na wazee wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe barafu moja."

Nikampa. Hakuila. Aliishika tu kiganjani, akaitazama ikiyeyuka.

"Meneja ametuonyesha risiti yako," akasema taratibu. "Anasema, mbona mwenzenu amelipa, kumbe mto haunuki. Tumerudi mikono mitupu."

Nikaanza kulia. Nikamwambia niliogopa.

"Hata mimi naogopa. Ungesema palepale mkutanoni, 'Jamani, mimi maisha yangu ni hii friji, naogopa.' Tungekuchotea. Kisima kipo, mikono ipo. Wewe ukapiga makofi, halafu ukaenda zako."

Akalipa barafu yake, akaondoka na kiganja chekundu kwa ubuyu uliovuja.

Jioni ile nilisimama mbele ya mtaa nikasema yote. Wengine walinizomea, na mmoja aliniita jina ambalo sitalirudia hapa. Bili iliyofuata sikuilipa, nikakatiwa maji kama wenzangu, friji ikabaki inanguruma tupu. Asubuhi yake nikakuta ndoo mbili za maji ya kisima mlangoni, zimefunikwa vizuri. Hadi leo hakuna aliyekiri kuzileta.

Masika yalipokwisha, ofisi ya maji, iliyochoka kukosa malipo yetu, ilichimba mashimo ya majitaka mbali na mto, na gari likaacha kuja kumwaga. Tulikwenda kulipa sote siku moja. Bibi Nyamizi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akaniita nisimame nyuma yake. Nilisimama pale naona aibu na furaha pamoja, na sijui hata leo ipi ilizidi.

Basi, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Wenzako wakikubaliana jambo nawe unaogopa, ogopa mbele yao, kwa sauti. Hofu ikisemwa, watu huibeba pamoja nawe. Ukiificha, utawaumiza watu usiokuwa na ugomvi nao. Mungu akujaalie maji safi na majirani wa kukuchotea, na siku utakayowakosea, akupe miguu ya kurudi kwao.