Mkono wa Kuchambulia Maharage

Mwalimu wa darasa la awali aliniita shuleni akanionyesha daftari la mjukuu wangu. Herufi zilikuwa zimelala ovyo, nyingine hazina hata umbo.

"Shikamoo mama. Vidole vyake havina nguvu. Mpe maharage achambue nyumbani, itamsaidia kushika penseli."

Nilikasirika. Hapa Maretadu mtoto gani hachambui maharage? Huyu wangu ananishinda hata mimi! Jioni nikamwekea ungo, nikakaa kumwangalia. Alitoa mawe na mabovu upesi upesi, kwa mkono wa kushoto.

Nikampa penseli. Akaipokea kwa kushoto, akanitazama usoni, akaihamishia kulia. Herufi zikaanza kulala.

"Andika kwa ule uliochambulia," nikamwambia.

"Bibi, utanichapa."

Mimi mwenyewe nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Baba yangu aliufunga mkono huo kwa kamba ya katani, na mwalimu wangu akaupiga kwa rula mpaka nikaacha shule darasa la tatu. Hao wawili nimewalaani maisha yangu yote, na bado nawalaani. Lakini mtoto huyu hajawahi kuwaona. Aliyemchapa kila aliponyoosha kushoto kwenye ugali, eti hana adabu, ni mimi.

Nikamwapia kwamba sitamchapa tena.

"Ndiyo, bibi," akaitikia. Akaendelea kuandika kwa kulia, na ule wa kushoto akaukalia.