Taa za Bluu Zilizopeleka Mahari Busawe

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo usiniulize sheria ya barabarani imeandikwa ukurasa gani. Sheria nilisomewa kwa mdomo, kwenye daraja la Mto Mara, mbele ya ng'ombe kumi na wawili na watu wasiopungua ishirini waliotaka kunirarua. Ni njia nzuri sana ya kusoma. Hakuna neno linalopotea.

Kijana wangu wa mwisho alikuwa amepata mchumba Busawe, upande wa Serengeti. Baba wa binti akataja ng'ombe kumi na wawili, wafike Jumamosi kabla jua halijazama. Wasipofika, alisema kwa upole kabisa, kuna mchimba dhahabu mmoja mgeni ambaye ng'ombe hana lakini haraka anayo. Kijana wangu akaacha kula. Mama yake naye akaacha kusema na mimi, na kwa mwanamke yule hilo si jambo dogo, maana hata akiwa na homa husema. Basi ilikuwa wazi: ng'ombe wafike Busawe Jumamosi, wote, au mimi nihame kijiji chetu cha Kemambo, Tarime.

Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa zizini kwangu. Wa kumi na mbili, jike jekundu, nilimnunua kwa mtu niliyekutana naye nje ya mnada. Nasema nje, si ndani. Alisema anawahi msiba, hana muda wa kupanga foleni ya karatasi. Nikampa pole ya msiba. Sikumuuliza nani amekufa.

Sasa pikipiki. Nina pikipiki ya zamani, na wakwe wale wa Busawe walishanidharau mara ya kwanza walipoiona. Mmoja aliuliza kama hiyo ni pikipiki au ni baiskeli iliyolishwa vizuri. Hilo neno liliniuma. Nikaenda Nyakunguru kwa fundi mmoja, Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu, akaikosa, sasa anauza urembo wa pikipiki kwa wale walioipata. Akanionyesha taa ndogondogo zimepangwa kwenye utepe kama shanga, anasema zimepita mpakani Sirari, mali ya ng'ambo.

"Rangi gani, mzee?"

"Zile zinazoonekana mbali."

"Basi bluu na nyekundu, zinapepesa. Ukitokea mlimani, mkweo atazikimbilia barabarani."

"Na trafiki?"

"Trafiki anashughulika na taa za kuendeshea, mzee. Hizi ni mapambo. Kwani mama akivaa hereni anakatiwa leseni?"

Maneno matamu kama hayo mtu akiyasikia hatafuti mengine. Akazifunga mbele, akazizungusha kwenye tangi, nyingine akazipitisha juu ya kibao cha namba ili, anasema, namba nayo ipendeze. Ilipendeza mpaka haikusomeka.

Jumamosi tukatoka alfajiri. Nyuma alikuwa mdogo wangu na jirani mmoja, watu wazima wenye fimbo, wanaswaga ng'ombe. Mbele nilikuwa mimi, naendesha polepole kwa mwendo wa ng'ombe, mguu mmoja unagusa chini. Kibali cha mtendaji wa kijiji kilikuwa mfukoni. Mtendaji wetu ana mwandiko mzuri ila ni mvivu, aliandika "ng'ombe kumi na wawili wa rangi mbalimbali" akagonga muhuri. Mbuzi wangeingia hapo, na tembo pia.

Wingu likafunga, giza la mvua likashuka mchana kweupe, nami nikaona wakati wa urembo umefika. Nikawasha.

Tulipokaribia Nyakunguru, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, watu walitupa makarai wakakimbia. Mmoja alitumbukia shimoni na sufuria ya ugali mkononi. Mimi nikafikiri ni heshima. Naapa. Nilifikiri wanampisha mzee anayepeleka mahari, nikawa nawapungia mkono. Mdogo wangu akapiga kelele kutoka nyuma, "Kaka, wanakukimbia!" Nikamjibu, "Wana adabu, mura!"

Mbele kidogo, badala ya kukimbia, watu wakaanza kutoka majumbani na kuja barabarani. Ndipo kichwa changu kikaelewa. Huku kwetu ng'ombe wanaibiwa, hilo halina siri. Na ukiona taa ya bluu inapepesa, nyuma yake kundi la ng'ombe wanaswagwa, maana yake ni moja tu: polisi wamekomboa ng'ombe wa wizi na wanawapeleka kituoni, kila aliyeibiwa aje atambue wake. Mtu wa mjini angeona pikipiki yenye taa. Mtu wa Tarime aliona zizi lake linarudi.

Mzee mwenzangu akavua kofia. "Shikamoo, afande. Mmewakuta wapi?"

Hapa ndipo niseme ukweli, hata kama mke wangu atasomewa. Ningeweza kujibu, "Mimi si afande, naenda kumwozesha mtoto." Ni maneno machache. Lakini miaka yangu yote sijawahi kuitwa afande na mtu mwenye mvi. Nikasafisha koo, nikasema, "Huko juu."

"Huko juu" haikuwa hata uongo. Kemambo iko juu.

Basi wakajiunga nyuma. Huyu anasema yule mweusi mwenye baka ni wake, anajua kwa mkia. Yule anasema dume ni lake, aliibiwa akiwa ndama, na ukimwuliza lini, ni kabla dume hilo halijazaliwa. Mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga kifuani, hakupiga kelele. Alitembea kando ya jike jekundu, akimtazama masikio. Mimi nilimwona kwenye kioo cha pembeni, nikamkumbuka yule mtu wa msiba, lakini tulikuwa karibu na daraja na jua lilikuwa linaelekea kushuka.

Darajani alisimama trafiki, mwanamke, sare imenyooka. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni polisi?"

"Hapana."

"Umebeba mgonjwa?"

"Hapana."

"Unakwenda kuzima moto?"

"Nakwenda Busawe."

"Basi bluu ni ya nini?"

Nikamweleza habari ya hereni. Hakucheka. Alizunguka pikipiki kama mtu anayenunua ng'ombe. Akanisomea. Bluu ya kupepesa ni ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto, raia haruhusiwi hata akiiita mapambo. Nyekundu inakaa nyuma, ili aliye nyuma ajue wewe uko mbele, ukiiweka mbele unamdanganya anayekuja. Mbele ni nyeupe. Kinachoruhusiwa kupepesa kwenye pikipiki ni taa za kukatia kona. Na kibao cha namba kisomeke.

"Hebu washa taa kubwa ya mbele," akasema.

Nikabonyeza. Haikuwaka. Ilishakufa siku nyingi.

"Baba, una taa arobaini, na ile moja ambayo sheria inaitaka huna."

Watu walicheka. Mimi pia ningecheka, ila yule mzee wa kofia alikuwa ameshapata hesabu yake. "Kumbe si askari!" akapaza sauti. "Kama si askari, ng'ombe hawa kawatoa wapi? Ni mwizi huyu!"

Naona kwamba hapo walikuwa na akili sana. Ukiwa na ng'ombe na taa, ni polisi. Ukiwa na ng'ombe na taa haziko halali, ni mwizi. Mtu anayepeleka mahari ya mtoto wake hayumo katika mpango huo. Fimbo zikainuliwa. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida ana mdomo, alikuwa anaangalia mto.

Nikatoa kibali. Trafiki akakisoma mara mbili. "Rangi mbalimbali," akasema, akanitazama kwa huruma. Kisha akawageukia watu. "Kila mwenye ng'ombe amwite. Anayemjua bwana wake atamjia. Mmoja mmoja."

Wakaita, jamani. Waliita kwa miluzi, kwa majina, mmoja kwa kulia. Ng'ombe wangu wakatafuna tu. Kisha nikaita mimi, sauti ile ninayowaitia chumvi jioni, na kumi na mmoja wakaja kunisonga mpaka pikipiki ikaanguka.

Jike jekundu hakuja. Yule mama wa kanga akasema neno moja, la chini, kama unavyomwita mtoto ale. Ng'ombe akaenda, akaweka kichwa begani kwake.



"Ulimnunua wapi, tata?" mama akaniuliza. Hakunitukana, aliniita baba. Ningependa angenitukana.

"Nje ya mnada."

"Kwa mtu mwenye msiba?"

"Ndiyo."

"Huyo kila wiki ana msiba." Akampa trafiki jina lake, akamshika ng'ombe sikio, wakaondoka wawili, na wale wengine nao wakatawanyika, mzee wa kofia akiwa wa mwisho, bado anamwangalia dume kwa uchungu.

Trafiki akaniamuru nizibandue taa zote pale pale, akaandika karatasi yangu ya makosa na jina la yule mama, akaniambia nikitoka kwenye sherehe nipite kituoni nieleze sura ya mtu wa msiba. Nilipita. Hilo ni jambo lingine refu.

Busawe tulifika jua limebakiza kidole. Wakwe wakahesabu. Wakahesabu tena, maana kumi na mmoja ni namba inayoudhi. Mkwe akasema, "Na wa kumi na mbili?" Kwa mbali, chini ya paa la jikoni, nilimwona binti ameshika kiuno anasubiri jibu langu.

Nikasimamisha pikipiki mbele yao. "Huyu hapa."

Wazee wakabishana. Mmoja akasema haizai. Mwingine akasema haiumwi ndigana. Wa tatu akasema inakunywa mafuta, ng'ombe anakunywa mtoni bure. Mkwe alikuwa ameshaipanda, anajaribu honi kama mtoto. Ndipo akasema, "Amepata mke."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi, kwa kuwa ni mtu mkweli nikishapata nilichotaka, nikamwambia, "Mkwe, taa ya mbele haiwaki."

"Haidhuru," akasema. "Nitaenda Nyakunguru nifunge zile za bluu."

Nikafungua mdomo nimsomee sheria yote, neno kwa neno, kama nilivyosomewa. Kisha nikawaza asije akakasirika akamrudisha binti ndani, nikaufunga.