Mashine Chini ya Taa ya Zambarau

Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja alikuwa amechanganya dawa za saratani katika chumba cha ndani cha famasi ya hospitali, na hakuna aliyewahi kumfikia kwa kasi. Ndiyo maana wenzake walimbatiza Mashine. Jina hilo alilipenda kupita kiasi.

Jumatatu moja mfamasia mkuu, msichana wa umri wa binti yake, aliingia na chupa ya maji yenye rangi fiche na taa ndogo ya zambarau.

"Mama, leo tunachanganya maji haya badala ya dawa. Yakimwagika hatutayaona, ila chini ya taa hii yatang'aa."

"Mwanangu, hiyo taa itakosa kazi," Mashine alijibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Akajaza dripu tano chapuchapu ndani ya kabati la kioo la kuchanganyia. Taa za chumba zikazimwa. Loo! Mashine alimeremeta: vidoleni, kwenye kiwiko, na katikati ya nyusi, pale anaposukumia miwani kwa mkono wenye glavu. Hata kitasa cha mlango kiling'aa.

"Mashine imewaka!" mmoja alipiga kelele.

Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta nao ukawaka.

"Ingekuwa dawa, mama, sumu hiyo ungeipeleka nyumbani," alisema mfamasia mkuu. "Tutarudia Ijumaa. Likionekana doa moja nje ya kabati la kuchanganyia, nitakuhamishia dirishani ukagawe vidonge."

Mashine akaacha kucheka. Dirishani! Yeye?

Nyumbani alipaka glavu masizi ya sufuria, akajifunza upya kuzivua: kushika pindo, kugeuza ndani nje, bila upande mchafu kugusa ngozi. Mumewe, fundi cherehani, akawa mkaguzi.

"Shingoni, mke wangu! Rudia."

"Umeangalia vizuri wewe?"

"Niangalie nini, na umekuwa mweusi kama bomba la moshi?"

Jozi ya kumi na moja ilivuliwa safi. Mumewe akamshonea na mkanda wa lastiki wa kushikilia miwani.

Ijumaa Mashine alichanganya polepole hivi kwamba wenzake walipiga miayo. Taa zikazimwa. Mwanga wa zambarau ukapita mikononi, usoni, ukutani. Giza tupu!

Mashine akapanua mikono kumkumbatia mfamasia mkuu.

"Usiniguse!" msichana aliruka nyuma. "Bado hujavua glavu!"

Mashine akaganda, mikono hewani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokibana. Akavua kwa mpangilio: glavu za nje, gauni, miwani, barakoa, na mwisho glavu za ndani. Akanawa. Taa ikammulika tena, kuanzia utosini hadi kucha za miguu.

Hakuna doa.

"Kabati ni lako, mama."

"Sasa naruhusiwa?"

"Sasa unaru..."

Msichana hakumaliza. Alikuwa ameshanyanyuliwa juu, anazungushwa, na taa yake ya zambarau inabingirika chini ya meza.