Mama Alivyotoka kwenye Slaidi

Bwana Rangi, mpiga picha mwenye studio yake, alijaliwa ubishi wa filamu za kamera. Za slaidi, vile vipicha vya kumulikwa ukutani kwa mashine, alizikubali mbili tu. Moja aliiita ya baridi: ilitoa kitu kilivyo, na ngozi nyeusi ikatoka na ukijivujivu. Ya pili, ya joto, ilikuwa ya maharusi, iliitia ngozi wekundu wa mbali, ikafuta uchovu, na mtu akijiona kwenye mwanga wa mashine ukutani husema, "Kumbe mimi mzuri hivi!" Na slaidi haina kurekebishwa baadaye. Ukishabonyeza, ndiyo basi. Kwa hiyo alikukodolea macho kwanza, kisha ndipo akachagua filamu.

Mama yake akaugua ini. Macho yakawa manjano, mashavu yakabonyea, daktari akasema ndugu waitwe. Mama alitaka jambo moja tu: kumwona kifungua mimba wake kabla hajafa, naye alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, hajarudi miaka chungu nzima. Aliyemwogesha na kumlisha ni Bwana Rangi, kitinda mimba, lakini jina lililoitwa kutwa lilikuwa la mwingine. Ilimuuma, asikudanganye mtu.

Akapiga simu. "Shikamoo, kaka. Mama hali mbaya. Njoo."

"Marahaba. Wewe nawe, kila mara mama anakufa! Kazini ruhusa haitoki hivihivi. Nitumie picha nimwone mwenyewe."

Haya, picha! Akatia filamu ya baridi, akamkalisha mama kitandani karibu na dirisha. Mama akajifunika shuka usoni.

"Mwanangu anione hivi?"

"Ndivyo tunavyotaka, mama. Aone."

"Wake za watu unawatoa kama malaika, mimi niliyekuzaa unitoe kama maiti?"

Jamani, wewe ungejibu nini? Akaitoa ile, akatia ya joto. Na mkono wake haukujua kazi nusunusu. Akamvisha mama kitambaa chekundu shingoni, akatundika shuka jeupe upande wa kivuli ili nuru imrudie, akamngoja mpaka akatabasamu. Slaidi ilipotoka kusafishwa, akaiinua dirishani, akafurahi. Akafurahi, mpumbavu yule! Hajawahi kupiga picha nzuri kama ile. Moyo ulimwambia asiitume. Akaituma, kwa sababu mama alisema itumwe hiyohiyo. Na tusifichane, yeye naye alitaka kaka aone kazi yake.

Kaka akapiga simu akicheka. "Mama buheri wa afya! Nimewaonyesha wenzangu ukutani, wote wamemsifu. Nitakuja nikipata likizo."

"Kaka, ni filamu ile! Nimemrembesha tu. Mama anakufa."

"Acha ujanja. Macho yangu nayaamini kuliko mdomo wako."

Bwana Rangi akarudi mbio chumbani na filamu ya baridi. Mama akageukia ukuta.

"Ameshaniona nikiwa mzuri. Usimharibie."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya mwisho mama aliuliza, "Ameshaondoka huko?" Bwana Rangi akamwambia yuko njiani. Akafa akiutazama mlango.

Kaka alifika mama ameshazikwa. Akaingia studio na sanduku lake mkononi, hata salamu hakuitikia.

"Ulinitumia picha!"

"Nilikupigia simu, kaka. Nilikubembeleza."

"Ungempiga alivyo, ningekuja siku ileile. Siku ileile, unasikia?"

Bwana Rangi alisikia. Alijua ni kweli, na alimchukia kaka yake kwa kuwa ni kweli. Akamchukia zaidi kwa kuwa neno la ndugu halikumtosha mpaka apate kipande cha filamu.

Kaka akaketi kwenye kiti cha wateja, akajifuta uso kwa kiganja. Sauti ikashuka.

"Basi nipe picha yake ya mwisho. Nimwone alivyokuwa kweli."

"Hakuna," akasema Bwana Rangi. "Sikumpiga."