Betri ya Katibu Alasinga

Alasinga alikagua mita za umeme mjini Mysuru kwa miaka thelathini na mitatu, na alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba ukaguzi umekwisha. Akakagua chumvi kwenye mchuzi wa mkewe. Akakagua maziwa mlangoni, muuza maziwa akahama mtaa. Mwishowe, kwa balaa ya watu wazima kumi na wanne wasio na hatia, akajiunga na chama cha mbio za magari ya rimoti kinachokutana kwenye uwanja wa zamani wa badminton, nyuma ya ukumbi wa harusi. Baada ya miezi miwili alikuwa katibu. Hakuchaguliwa; alifika na daftari.

Magari yale madogo yanatumia betri za lithiamu, na betri hizo zina deko. Ukizinyonya mpaka seli ishuke chini ya volti tatu, zinavimba tumbo, zinakataa chaji, na ukizilazimisha zinaweza kushika moto. Jambo hili dogo Alasinga aliligeuza dini. Alining'iniza kipima volti shingoni, na kila mbio zikiisha alipita mezani akichomeka, akisoma, akiguna. Betri iliyonyonywa kupita kiasi ilitundikwa kwenye waya juu ya meza ya chai, na kikaratasi chenye wino mwekundu: AMEIUA FULANI.

Varadu, kaka wa mkewe, mwenye duka la mikate, alikuwa na tatu zinazoning'inia pale.

"Varadu, mwisho volti ngapi?"

"Tatu, shemeji."

"Sauti!"

"Tatu! Jamani, mimi naoka mikate, nitajuaje betri imechoka? Gari lilikuwa bado linatambaa."

"Likitambaa ndiyo linakwambia nakufa! Sikilizeni nyote. Siku betri yangu ikitundikwa hapo, naacha ukatibu, na kipimo hiki namvisha Varadu."

Waliosikia waliyaweka moyoni maneno hayo kama akiba. Yeye aliyasema kwa raha, kwa kuwa ukatibu ule ndio cheo pekee kilichokuwa kimembakia. Nyumbani hakuna aliyenyamaza alipoingia. Uwanjani walinyamaza wote.

Ikaja sikukuu ya Dasara, na siku yake ya kuabudu vyombo vya kazi. Varadu alilipaka tanuri lake unga mwekundu na kulivika maua. Alasinga aliliweka gari lake mbele ya picha ya Chamundi, mungu mke wa mji, shada shingoni, malimau manne chini ya magurudumu, na ndani yake betri mpya aliyojigamba nayo mwezi mzima, ya mbio za kesho. Kisha akawasha taa alizozifunga kwa mikono yake, nyeupe mbele, nyekundu nyuma, akapiga picha na kuituma kwa chama kizima.

"Bwana, picha umeshapiga, sasa zima," alisema Vedavalli, mkewe. "Zitamaliza betri."

"Chombo kikishawekwa hakiguswi mpaka kesho. Hujui mila?"

"Mila nazijua. Mama Chamundi hana shida na taa za nyuma."

"Halafu gari lina kifaa kinachokata umeme betri ikifika volti tatu. Kapike, Veda. Volti niachie mimi."

Vedavalli akaenda kupika, na sufuria zilisikika mpaka kwa jirani.

Kifaa kilikuwepo, kweli. Kilikata umeme wa mota. Taa, bingwa wetu alikuwa amezichomeka moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia popote, kwa kuwa waya ulikuwa mfupi na yeye hodari. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi taa zilikuwa zimezimika na betri imefura. Kipimo kilisoma volti moja na kidogo kila seli. Chaja ikalia, ikakataa. Hapo Alasinga alitazama mlango, kisha akafanya kosa lile lile alilowahi kumfungia mtu asishindane mwezi mzima: aliidanganya chaja kwamba hiyo ni betri ya nikeli, ya kizamani, isiyo na masharti, ili iisukumie umeme. Betri ikazidi kufura na kutoa harufu tamu ya kuchefua. Akaichomoa, akaibeba kwa koleo la chapati hadi uani, akaifukia kwenye ndoo ya mchanga. Moto haukumtia hofu; waya wa juu ya meza ya chai ndio uliomtia.

Mbio zilikuwa asubuhi ile ile, kabla watu hawajaenda kutazama maandamano ya ndovu ya sikukuu. Alasinga alifika na betri ya zamani na sauti ya kawaida.

"Shemeji, ile mpya iko wapi?" aliuliza Varadu.

"Nimeipumzisha."

"Taa zilipendeza kwenye picha. Ziliwaka mpaka saa ngapi?"

"Wewe angalia mikate yako." Akafungua daftari upesi. "Kabla hatujaanza, kuna kanuni mpya. Betri iliyofia ibadani haihesabiwi kuuawa."

"Kwani kuna iliyofia ibadani?"

"Ni kanuni tu! Ya jumla!"

Vedavalli akaingia na chombo cha chakula cha ngazi tatu, akakifungua juu ya meza ya chai. Ngazi ya kwanza, wali wa ukwaju. Ya pili, dengu za nazi. Ya tatu, mchanga, na juu ya mchanga betri, tumbo nje, ua moja la ibada limenasa kwenye waya.

"Umeisahau uani," alisema. "Na volti uliniambia nikuachie wewe."

Alasinga akaulaumu waya, akalilaumu joto, akakilaumu kiwanda, akakaribia kumlaumu Chamundi. Walinyamaza wote, kama alivyozoea. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Varadu akamsogezea kalamu nyekundu.

"Andika mwenyewe, shemeji. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Akaandika jina lake. Akaitundika, akavua kipimo, akamvisha mwoka mikate. Uso wake ulizeeka pale pale, hata Varadu, aliyeingoja siku hiyo miaka miwili, akaingiwa na huruma.

"Basi, ni sikukuu. Ishushe tu, yaishe."

Alasinga alishukuru kwa macho, mkono tayari kwenye waya.

"Usiguse," alisema Vedavalli, akipakua wali bila kuinua kichwa. "Chombo kikishawekwa hakiguswi. Hujui mila?"